Mawaidha na Migogoro katika Maigizo ya Vijana Machakos

Maigizo ya jamii yawahusuyo vijana yamezoeleka katika masoko na viwanja vya shule vya Machakos, kama ilivyo kwingineko nchini Kenya. Mengi yao hadithi yake hujulikana kabla mchezo haujaanza: kijana aacha shule, aingia ulevini, msichana apata mimba, kisha mzee, mwalimu au muuguzi asimama katikati kutoa mawaidha. Hadhira hucheka, hupiga makofi, hutawanyika. Kasoro ya michezo ya namna hii haimo katika dhamira, kwani dhamira zenyewe ni za kweli. Imo katika fani: mtunzi amekuja na jibu kabla ya kuuliza swali, na mgogoro umezimwa pale ulipoanza kuwaka.

Suala la mchanga ni mfano mzuri. Mito ya msimu ya Ukambani imechimbwa kwa miaka mingi kwa ajili ya ujenzi wa Nairobi, na miongoni mwa wapakiao malori wamo wavulana walioacha shule. Igizo la mawaidha litamchora mvulana huyu kuwa mpotovu apendaye fedha. Lakini fedha hizo pengine ndizo zinunuazo unga mvua zikikosekana. Na mchanga ukiisha mtoni, maji nayo hayakai, hata mama yake akalazimika kwenda mbali zaidi na mtungi. Hapo pana mgogoro wa kweli, ambao hakuna muuguzi awezaye kuumaliza kwa hotuba. Tena, lori ni la nani? Swali hili halina budi kufika jukwaani, maana ni rahisi kumlaumu kijana kuliko kumgusa tajiri.

Wahakiki hupenda kuutaja mchezo wa Ngaahika Ndeenda wa Kamĩrĩĩthũ, Limuru, kwa kuwa serikali iliondoa kibali chake Novemba 1977. Jambo la kuzingatiwa zaidi ni mazoezi yake. Yalifanyika hadharani, na wanakijiji wakasahihisha lugha na mienendo ya wahusika. Huko Malya, mkoani Mwanza, katika miaka ya 1982 na 1983, wasanii wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akiwemo Penina Muhando, walichunguza pamoja na wanakijiji matatizo yao, likiwemo la mimba za wasichana wa shule. Ngoma za mahali hapo ndizo zilizotumika. Kijana hakualikwa ili aonywe tu; alishiriki katika kulichambua tatizo lenyewe.

Tangu miaka ya 2000 baadhi ya vikundi nchini Kenya vimefuata mbinu iliyochotwa kwa Augusto Boal wa Brazili: mwongozaji husimamisha mchezo penye utata, naye mtazamaji huitwa ashike nafasi ya mhusika. Hii ni hatua njema. Hata hivyo, mdhamini akishauandika ujumbe, mwongozaji hugeuka mwalimu angojaye jibu la kitabuni, na mtazamaji, ambaye si mjinga, hulitoa.

Ukambani kwenyewe kuna myali, nyimbo za ngoma ambazo kwazo mwenendo mbaya hukosolewa mbele ya watu. Ni ajabu kwamba maigizo huzitumia nyimbo kama pambo la kufungulia mchezo tu, kisha huziacha. Wimbo wa aina hiyo ungeweza kumwelekea mwenye lori, tena kwa Kikamba, kwani ugomvi wa mama na mwanawe ukisemwa kwa Kiswahili cha mtihani hupoa mara moja. Katika mji wa Athi River, penye viwanda na wafanyakazi wa makabila mengi, Kiswahili cha mitaani kingefaa zaidi. Na yule muuguzi wa mwisho aondolewe kabisa, mchezo ukome mama na mwanawe wakiwa bado mtoni, lori likinguruma, ili hadhira ianze kubishana yenyewe.