Guta la Kahawa Harusini Bariadi: Nimeliona, Nimelinywea, na Sasa Napima Kumbi kwa Futi

Nimeliona! Jumamosi saa kumi na mbili jioni, hapa hapa Bariadi mjini, kwenye harusi ya binti wa rafiki yangu, guta la kahawa limeegeshwa barazani kama gari la bwana harusi. Magurudumu matatu, kaunta ya mbao iliyopakwa rangi nyeupe, kushoto jiko la mkaa lenye birika la shaba, kulia mashine ndogo ya espreso na kinu cha kusagia buni. Harufu ilikuwa imefika getini kabla sijaonyesha kadi. Nimekaa kwenye kamati za harusi miaka mingi katika mkoa huu, na sijawahi kuona kitu kilichobadilisha sherehe kwa haraka namna hii.

Kila aliyewahi kualikwa anaijua ile saa ngumu. Wageni wameshaketi, maharusi bado wako kwenye picha, DJ anarudia nyimbo, na mezani kuna chupa ya maji tu. Jumamosi ile, saa hiyo ndiyo ilikuwa tamu kuliko zote. Watu waliinuka, wakajipanga barazani, ukoo wa mke na ukoo wa mume wakachanganyika kabla MC hajawaomba wasalimiane. Mayu mmoja, mama wa Kisukuma kutoka Itilima, alikipokea kikombe kwa mikono miwili, akanusa kwanza, akanywa funda moja la kahawa chungu yenye tangawizi, akasema “wabeja”, yaani asante, kisha akarudisha kikombe palepale kijazwe tena. Vijana walikimbilia upande wa mashine, kwenye kahawa ya maziwa yenye povu. Na maziwa ndiyo sisi wenyewe, watu wa ng'ombe!

Mkoa wetu wa Simiyu ni nchi ya pamba, kahawa tunaletewa na majirani. Tarime, mkoani Mara, wanalima arabika. Ng'ambo ya Ziwa Victoria, Kagera, wanalima robusta, na Wahaya tangu zamani humkaribisha mgeni kwa buni za kutafuna. Kwa hiyo kumpokea mgeni wa harusi kwa kahawa ni ukarimu wa Kanda ya Ziwa kabisa, sasa umepandishwa magurudumu.

Nilimfuata mwenye guta nimuulize siri yake. Akaniambia kazi kubwa aliifanya Jumatano, alipokwenda ukumbini na futi ya fundi mfukoni na guta lenyewe, akalisukuma kutoka barabarani hadi mahali litakaposimama. Hapo ndipo nilipozinduka. Sisi huchagua ukumbi kwa idadi ya viti, mapambo na maegesho, halafu vinywaji vikafuata. Kama mnataka guta, anzeni na njia ya guta.

Anza na mlango. Guta lile lina upana wa sentimita 95. Mlango wa kawaida wa ubao mmoja una kama sentimita 90, hivyo halipiti, hata ukiomba vipi. Tafuta mlango wa mbao mbili, na uhakikishe ubao wa pili unafunguka kweli, maana kumbi nyingi zimeupigilia komeo likashika kutu. Hesabu na ngazi. Ngazi mbili tu zinataka wanaume wanne wa kunyanyua, huku birika likiwa limejaa.

Halafu tazama ardhi, na hapa Usukuma ina somo lake. Wakulima wetu huuita udongo wa kichanga luseni, na ule mweusi wa mfinyanzi mbuga. Mbuga ikinyeshewa inanata kwenye gurudumu hadi halizunguki, na ikikauka inapasuka nyufa za kumeza tairi. Harusi ya nje kwenye mbuga kati ya Novemba na Mei ni kumtesa msukuma guta. Bahati nzuri, pamba ikishauzwa na mifuko ikatuna, kadi za michango huanza kubisha hodi wakati ardhi ni kavu. Hata hivyo, dai njia ya saruji.

Umeme nao uulizwe kwa namba. Mashine ndogo kama ile hula wati 1,500 hadi 2,000. Iombee soketi ya peke yake, mbali na spika za DJ, na uulize kama jenereta inabeba vyote kwa pamoja. Ndiyo maana nalisifu birika, kwa sababu umeme ukikatika lenyewe linaendelea kuchemka. Isitoshe, mashine ile hutoa kama kikombe kimoja kwa dakika, yaani watu 60 kwa saa. Kwa wageni 300, birika ndilo linalobeba sherehe, mashine inanogesha.

Lakini mkaa usiingie ndani ya ukumbi uliofungwa. Hutoa kaboni monoksaidi, hewa ya sumu isiyo na harufu wala rangi, na feni hazitoshi kuiondoa. Kwa hiyo ukumbi usio na baraza wala ua, kwangu mimi, umeshatoka kwenye orodha.

Maji ndiyo yaliyonifurahisha zaidi. Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na Bariadi iko juu zaidi ya ziwa. Kwa kimo hiki maji huchemka kwenye nyuzi kama 96 au pungufu kidogo, wakati wataalamu wa kahawa wanapendekeza nyuzi 90 hadi 96. Maji yetu yakichemka tu, yameshafika kiwango cha kahawa! Unachohitaji ni bomba la karibu, au madumu yaliyojazwa mapema.

Hukumu yangu, basi. Ua wa nyumbani wenye turubai unafaa sana mkiwa kwenye luseni na mkivuta waya wa umeme vizuri. Ufukwe wa Lamadi, kule Busega, unapendeza machoni, ila mchanga unazamisha magurudumu na upepo wa ziwa wa alasiri unapeperusha majivu, hivyo utahitaji mbao za kukanyagia na kizuizi cha upepo. Bingwa ni ukumbi wa kawaida wenye baraza pana la saruji lililoezekwa, kati ya geti na mlango mkubwa. Hapo mgeni hawezi kupita bila kuiona kahawa, mzee anayekimbia kelele za muziki anapata pa kuongea, na moshi unajiondokea.

Mpwa wangu anaolewa Agosti. Wiki hii nimezunguka kumbi tatu na futi mkononi, na wenzangu wa kamati walitaka ule mkubwa wenye taa za rangi. Nimewaonyesha ule mdogo. Tumeshaulipia. Baraza lake lina upana wa mita tatu na nusu, na nimelipima mara mbili.