Tazama Bolti, Si Rangi: Namna ya Kutambua Uigaji Bora wa Mitetemo

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Kazi nyingi za kuiga mitetemo kwa kompyuta hujitembeza kwa rangi: fremu ya mashine inayumba kwenye skrini, nyekundu huku, buluu kule, na mteja anaridhika. Lakini chuma kilichounganishwa kwa bolti hakitetemeki sawa na chuma cha kipande kimoja. Katika miundo mingi iliyofungwa kwa bolti, sehemu kubwa ya nishati ya mtetemo hupotelea kwenye viungio, wala si ndani ya chuma chenyewe. Anayetaka kujua ubora wa kazi aanzie hapo.

Kinachotokea chini ya bolti

Chukua kifaa ambacho watafiti wa fani hii wamekipima sana: mhimili wa Brake-Reuß, uliopewa majina ya Matthew Brake na Pascal Reuß. Ni nusu mbili za chuma, ncha zake zimelaliana na kubanwa kwa bolti tatu. Mbano ni mkali kuzunguka matundu ya bolti, kisha unapungua kadiri unavyosogea pembeni. Mhimili ukigongwa kidogo, kingo zisizobanwa sana huteleza kwa umbali usioonekana kwa macho, huku sehemu za karibu na bolti zikiwa zimeshika. Ukigongwa kwa nguvu zaidi, eneo linaloteleza hutanuka kuelekea kwenye matundu. Hapo yanatokea mambo mawili: marudio ya mtetemo hushuka kidogo, na mtetemo hufifia upesi zaidi. Uigaji usioonyesha yote mawili haujauiga mhimili huo.

Jaribio la kwanza: ongeza nguvu maradufu

Mwombe mhandisi arudie hesabu kwa nguvu iliyozidishwa mara mbili. Kila jibu likiongezeka mara mbili kamili, basi viungio vimehesabiwa kana kwamba vimechomelewa, au vimewekewa springi zisizo na msuguano, na kiwango cha kufifia kwa mtetemo kimekadiriwa tu na kuingizwa kwa mkono. Kazi hiyo inafaa kwa makadirio ya mwanzo. Haifai kuamulia iwapo chuma kitapasuka kwa uchovu.

Jaribio la pili: kagua kitanzi

Omba mchoro wa nguvu na msogeo kwenye kiungio. Msuguano huchora kitanzi: njia ya kwenda si njia ya kurudi, na eneo lililo ndani ya kitanzi ndiyo nishati iliyopotea katika mzunguko mmoja. Mwaka 1926 mtafiti Masing alieleza jinsi kitanzi kizima kinavyoweza kupatikana kutokana na mstari wa mzigo wa mara ya kwanza. Mwaka 1966 mtafiti Iwan alitoa modeli ya springi na vitelezi vingi vilivyopangwa sambamba, kila kitelezi kikianza kuteleza kwa nguvu yake. Modeli hiyo ingali inatumika, kwa kuwa inafuata ule mtelezo unaoanzia kingoni.

Kisha hesabu nishati. Kama kiwango cha kufifia hakibadiliki, kuongeza nguvu maradufu huzidisha nishati inayopotea mara 4. Nadharia ya Mindlin ya nyuso zinazogusana hutoa mara 8. Viungio vinavyopimwa maabara kwa kawaida huangukia katikati, mradi kiungio kizima hakijaanza kuteleza. Modeli inayong'ang'ania 4 kamili, au inayopita 8, idaiwe maelezo.

Jaribio la tatu: wepesi wenye nidhamu

Msuguano hulazimisha kompyuta kwenda kwa hatua fupi mno za muda, na katika kila hatua milinganyo mingi hutatuliwa upya. Ndiyo maana fundi stadi hapeleki undani kila mahali. Sehemu zisizoteleza, ambazo ndizo nyingi, huzifupisha kuwa maumbo machache ya mtetemo, kwa njia iliyotolewa na Craig na Bampton mwaka 1968. Uso wa kiungio huuacha na nukta zake zote za hesabu, maana huko ndiko kwenye mambo. Panapotakiwa mtetemo uliokwisha kuwa wa kujirudia bila kubadilika, mfano katika mapanga ya turbini za injini za ndege, ambayo huwekewa vipande vya kuleta msuguano makusudi, yeye hutumia njia ya kusawazisha harmoniki. Jibu huandikwa kama jumla ya mawimbi machache, bila kupitia sekunde zote za mwanzo.

Wepesi huo una masharti. Uliza: mmebakiza maumbo mangapi, harmoniki ngapi, na mkiongeza, jibu linasogea? Uliza pia ni wapi hesabu fupi imelinganishwa na hesabu ndefu isiyopunguzwa. Kazi bora huwa na majibu hayo tayari kwenye ripoti.

Dalili ya mwisho: ukweli kuhusu mashaka

Bolti zilezile zikifunguliwa na kukazwa upya kwa kipimo kilekile cha spana, kiwango cha kufifia kinaweza kubadilika, kwa sababu nyuso hazikai tena kama zilivyokaa mwanzo. Namba moja yenye desimali nne ni dalili mbaya. Kiwango cha chini na cha juu, pamoja na sababu zake, ni dalili ya mtu anayezijua bolti.

Kabla hujailipia kazi ya namna hii, dai vitu vitatu: matokeo ya nguvu mbili tofauti, kitanzi cha kiungio, na ulinganisho na hesabu ndefu au vipimo vya maabara. Asiyeweza kukupa hivyo, mrudishie kazi yake, hata kama rangi zake zinapendeza.