Kitabu Kimoja Hakitoshi Kulihukumu Shairi

Mhakiki anapodai kwamba utungo fulani si shairi, msomaji ana haki ya kuuliza: kwa kipimo cha nani? Swali hili linatugusa hasa sisi tunaosoma Kiswahili tukiwa Dzaleka au katika mitaa ya Lilongwe kama Chilinde, mbali na maktaba za Dar es Salaam na Nairobi. Kitabu kimoja kikitufikia, ni rahisi kukigeuza sheria.

Tuchukue mfano wa mgogoro wa ushairi. Anayesoma Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri (1954) cha Kaluta Amri Abedi peke yake ataamini kwamba pasipo vina na mizani hakuna shairi. Anayeanza na Kichomi (1974) cha Euphrase Kezilahabi ataziona kanuni hizo kuwa minyororo tu. Akiongeza Kunga za Ushairi na Diwani Yetu (1979) cha Mulokozi na Kahigi, atagundua kuwa anasikiliza mjadala. Kwa hiyo mwaka wa kuchapishwa si pambo la mabano. Unaonyesha nani alitangulia na nani anajibu hoja gani.

Kasoro ya pili ni kurundika madondoo. Insha nyingi husema "kwa mujibu wa fulani", kisha hoja hukoma hapo. Kamusi ya Fasihi (2003) ya K. W. Wamitila hutufafanulia istilahi, lakini haiwezi kutusomea shairi tulilo nalo. Dondoo ni shahidi: akishatoa ushahidi, mhakiki aonyeshe unathibitisha nini ndani ya matini, au aupinge.

Suala hili ni zito zaidi kwa fasihi inayotuzunguka. Tangu 2014 Tamasha la Tumaini limekuwa likiwakutanisha wasanii Dzaleka, na tungo nyingi zinazosemwa kambini hazijachapwa popote. Jarida la Swahili Forum, linalosomwa bure mtandaoni, litatusaidia kwa nadharia na mifano ya uhakiki. Lakini chanzo cha msingi hapa ni msanii mwenyewe na utendaji wake. Tumwombe ruhusa, tuandike tarehe, mahali, na jinsi hadhira ilivyopokea. Tena, kama amesema kwa Kiswahili cha Bukavu au Uvira, tusikisanifishe tunapomnukuu. Neno tulilolisahihisha si lake tena, na uhakiki unaojengwa juu yake unahakiki kalamu yetu wenyewe.

Tukiyafanya haya, utungo wa Dzaleka utaweza kuwekwa mezani pamoja na Kichomi na kujadiliwa kwa haki. Tusipoyafanya, atakayetaka kuuhakiki baada ya miaka kumi hataupata, na atalazimika kuitegemea kumbukumbu ya watu waliokwisha kuhama.