Walezi wa Vituo vya Watoto, Hongereni

Mzazi humwacha mtoto alfajiri akiwahi daladala, jioni humkuta msafi. Kazi iliyofanyika katikati wachache huiona. Mlezi humjua aliyenyamaza ghafla kwenye kona na anayebana miguu, humwahi kabla suruali haijalowa. Baada ya uji na baada ya usingizi wa mchana huwaketisha kwenye poti kwa dakika chache, bila kumlazimisha anayekataa. Wengi huwa tayari kati ya miezi 18 na miaka 3, kila mmoja kwa wakati wake. Msichana hutawazwa kutoka mbele kwenda nyuma. Poti husuguliwa, kisha foleni kwenye kibuyu chirizi: sabuni, viganja, katikati ya vidole, sekunde 20. Mlezi naye hunawa, kila mara.

Mtoto akijiharia hupelekwa pembeni na kubadilishwa nguo, bila kufokewa wala kuchekwa. Hili naliheshimu kuliko yote, maana mtoto aliyeaibishwa huanza kuzuia choo; kikiwa kigumu humuuma, naye huzidi kukiogopa.

Nguo chafu hufungwa kwenye mfuko, na jioni mzazi huambiwa: “Mama, leo kaomba mwenyewe. Nyumbani mchana usimvishe tena pampasi.”