Bosi wa Gambia Anafanya Nini Kenzera?

Kosa kubwa la Tales of Kenzera: ZAU halikufanyika kwenye msimbo wala kwenye pedi. Lilifanyika siku watengenezaji walipoketi kugawa majina ya mabosi. Gemu ilitangazwa kuwa imetokana na ngano za Wabantu. Sawa. Kalunga, mungu wa mauti, tunamkubali, na Impundulu, ndege wa radi wa Wazulu na Waxhosa, tunamkubali pia. Lakini Kikiyaon? Huyo ni kiumbe-bundi wa misitu ya Senegali na Gambia. GaGorib naye ni wa Wakhoikhoi, watu ambao lugha yao haina undugu wowote na za Kibantu. Mabosi watatu, wawili wageni.

Najua jibu litakalokuja: jina ni jina tu, mradi bosi anapigika. Sikubali. Bosi aliyepangwa vizuri huja na kanuni zake kutoka kwenye hadithi yake. GaGorib wa masimulizi hukaa ukingoni mwa shimo, akawachokoza wapita njia wamrushie mawe. Jiwe humrudia aliyelirusha, naye hutumbukia. Mkhoikhoi akisikia jina hilo anajua hatari iko wapi. Mchezaji wa Kayanga au Nkwenda, huku kwetu Kagera, halimwambii kitu. Kilichobaki kwake ni kusoma mikono na miguu: kwepa, dashi, piga, badili kinyago. Bosi amegeuka mstari wa damu wa kupunguza.

Tena bundi! Nani kwetu anahitaji kuazima bundi Gambia ili aogope usiku?

Gemu ndogo haiwezi kumshinda Ubisoft kwa ukubwa wa ramani, wala haina haja. Nguvu yake ni kuchimba kisima kimoja mpaka maji yatoke. Kulitia bara zima kapu moja ni tabia ya wakubwa. Nimeshalalamika sana kuhusu Resident Evil 5 ya mwaka 2009 na sijachoka: Capcom walikichukua Kiswahili, wakawaita maadui Majini, wakawapeleka Kijuju, eneo la kubuni la Afrika Magharibi. Kwao Afrika ni Afrika tu. Abubakar Salim, mwenye asili ya Kenya, aliyempa Bayek sauti katika Assassin's Creed Origins mwaka 2017 kisha akaanzisha studio yake ya Surgent iliyotengeneza ZAU, ndiye tuliyetegemea asiingie mtego huo.

Kinachouma zaidi ni kwamba hadithi yake mwenyewe ilikuwa inalilia mabosi wa huku kwetu. Zau, shujaa wa gemu, anapatana na Kalunga: alete mizimu mikuu mitatu, arudishiwe baba yake aliyekufa. Mapatano na mauti! Masimulizi ya Kagera yanayo tayari. Wamara alifika kuzimu kwa Kintu, akarudi na mifugo na mbegu, kisha akasahau deni lake. Kintu akamtuma Rufu, yaani Mauti, aende kudai. Pembeni ya Wamara wapo Mugasha mwenye ziwa na tufani, na Irungu mwenye pori.

Sasa panga. Mugasha apewe uwanja wa maji yanayopanda na kushuka. Irungu apewe kichaka kinachohamisha njia kila ukigeuka. Rufu aje mwisho, mdai badala ya jitu: kila uwezo uliokusanya tangu mwanzo anakunyang'anya mmoja mmoja katikati ya pambano, mpaka umkabili kwa jampu na mikono mitupu. Aliyekulia Karagwe au Kyerwa angejua kinachokuja kabla muziki haujabadilika. Mgeni angejifunza kwa kupigwa.

Wenzao walishaonyesha njia. Never Alone ya 2014 ilitengenezwa pamoja na wazee wa Wainupiati wa Alaska: msichana mmoja, mbweha mmoja, tufani moja isiyokoma. Na zamani kabla ya wote hao, mpiga enanga wa Kagera aliimba habari za shujaa Kachwenyanja akiwa peke yake na chombo chake. Hakuazima shujaa wa mbali ili hadithi ionekane kubwa.

Mengine yako sawa: vinyago vya Jua na Mwezi vinabadilika bila kukwama, muziki wa Nainita Desai umetulia, na sauti za Kiswahili zimefanyiwa kazi.

Ilitoka Aprili 2024 kwa dola 19.99, na bado ninaichagua ZAU mbele ya gemu za vita za gigabaiti zaidi ya 100 zinazokula bando lote kabla hujabonyeza chochote. Ila gemu ndogo inauzwa kwa uthubutu wake, na hapa uthubutu uliishia kwenye Kiswahili cha mdomoni. Toleo lijalo wachague kabila moja, wakae na wazee wake, majina yote yatoke hapo. Asiyeyajua aulize, kama sisi tulivyoulizia ya Wagiriki miaka yote hii.