Uzito wa Mbuga ya Katavi

Ukishuka kutoka Mpanda hadi Sitalike, umeingia ndani ya ufa wa ardhi. Mbuga ya Katavi, pale viboko wanaposongamana kwenye tope la Mto Katuma wakati wa kiangazi, ni mwisho wa kaskazini-magharibi wa bonde la Rukwa. Mwamba mgumu ulididimia, na mito ikalifukia shimo hilo kwa mchanga na udongo. Juu huoni ila nyasi. Kina cha shimo la namna hii hupimwaje bila kuchimba?

Hupimwa kwa mizani. Gravimita ina kitu kidogo kilichoning'inia kwenye springi, na springi hurefuka kiasi kidogo mno mahali ardhi inapovuta zaidi. Mashapo, yaani mchanga na udongo huo, ni mepesi kuliko mwamba. Tofauti ikiwa gramu 0.3 kwa kila sentimita ya ujazo, unene wa kilomita moja wa mashapo hupunguza mvutano kwa miligali 12.6 hivi, miligali ikiwa kizio cha mvutano. Mvutano wenyewe ni miligali 978,000 na ushei, kwa hiyo tunatafuta chembe ndani ya gunia.

Ugumu wa kazi hii, kwa maoni yangu, hauko kwenye chombo. Uko kwenye kujua umesimama kwenye mwinuko gani. Kila mita unayopanda hupunguza mvutano kwa takriban miligali 0.2, hata ukishahesabu mwamba ulioongezeka chini ya miguu yako. Ukikosea mwinuko kwa mita 10, umebuni au umefuta mita 160 za mashapo. Kabla ya GPS, mwinuko wa porini ulikadiriwa kwa baromita, na wingu moja la mvua liliweza kuuvuruga. Ndiyo maana wapimaji walipenda barabara na reli, ambako alama za mwinuko zilikwisha kuwekwa. Tawi la reli la Kaliua hadi Mpanda lilijengwa kwa ajili ya risasi ya mgodi wa Mukwamba, lakini kwa mpima mvutano ni mstari mrefu wa namba za kuaminika. Mbali na njia hizo, ramani hujazwa kwa makadirio, na mistari yake laini isikudanganye.

Kipimo cha pili ni usumaku wa miamba. Hicho hakifungwi na barabara, kwani hupimwa kwa ndege. Kati ya 1976 na 1980 kampuni ya Geosurvey International iliruka juu ya nchi nzima, mita 120 hivi kutoka ardhini, mistari ikiachana kwa kilomita moja. Huku kwetu ndege ya namna hiyo hukutana na ukanda wa Ubende, miamba ya takriban miaka bilioni 2 iliyokunjwa na kulazwa kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. Mlalo huo ni bahati kubwa. Karibu na ikweta, mistari ya sumaku ya dunia hulala. Hapa inainuka nyuzi thelathini na kitu tu. Mwamba mrefu ulioelekea kaskazini-kusini hufifia kwenye ramani, kwa sababu ncha zake tu ndizo zinazojitokeza vizuri. Ule wa Ubende umekaa mshazari, basi huonekana.

Risasi ya Mukwamba yenyewe haionekani kwenye ramani hiyo, kwani madini yake hayana usumaku. Kinachotafutwa ni mipasuko ambamo maji ya moto yalipita na mara nyingi kuila magnetaiti, madini yenye usumaku, yakaacha michirizi iliyofifia kwenye ramani.

Vipimo hivi viwili vinahitajiana. Mvutano peke yake hautofautishi shimo refu lenye mashapo mazito kiasi na shimo fupi lenye mashapo mepesi sana. Sumaku hutoa makadirio ya pili: mashapo kwa kawaida hayana usumaku wa maana, na mwamba ukiwa chini sana alama yake hutanuka. Mwishoni kekee ndiyo huamua, kama kampuni ya mafuta ya Amoco ilivyochimba Ivuna na Galula mwaka 1987, upande wa kusini wa bonde hilihili.

Serikali ilipotangaza lengo lake, ni asilimia 16 tu ya nchi iliyokuwa imepimwa kwa ndege kwa kina; lengo ni asilimia 50 ifikapo 2030. Mshipa wa dhahabu wenye upana wa mita chache hujificha kwa urahisi katikati ya mistari iliyoachana kilomita moja, kwa hiyo naliunga mkono lengo hilo kwa moyo wote. Ila ndege zisiende peke yake. Wakati wa kiangazi, mbuga ikikauka, gravimita ibebwe kwa miguu, na GPS nzuri, kwenye mstari mmoja kutoka Karema ziwani, kupitia Sitalike, hadi Inyonga. Mstari huo ungekata ukanda wa Ubende na ufa wa Katavi kwa pamoja.