Msuli Husinyaa au Hukaza?

Tumepata kusoma kijitabu kimoja kilichofasiriwa kwa ajili ya wahudumu wa afya wa vijijini, chenye maelezo ya umbo na kazi za misuli ya binadamu. Hatutamtaja aliyekitoa, kwani lengo letu ni istilahi. Kwa jumla lugha yake ni safi. Mfasiri ameacha mazoea mabaya ya kuita kila kitu mshipa. Ametenga msuli, kano, neva na mshipa wa damu, kila kimoja mahali pake, na kwa hilo astahili sifa. Lakini neno moja limemponyoka, nalo ndilo lililobeba mzigo wa kijitabu kizima.

Neno lenyewe ni kusinyaa. Kila msuli unapofanya kazi, mfasiri asema unasinyaa. Tulikuwapo Makwale, wilayani Kyela, kijitabu hicho kiliposomwa mbele ya kina mama waliofika kliniki. Msomaji alipofikia sentensi isemayo kwamba baada ya kujifungua kizazi husinyaa, mama mmoja aliuliza, "Nesi, kikishasinyaa ndiyo basi? Sizai tena?" Wenzake hawakucheka, walikuwa wakingoja jibu hilo hilo.

Hatuwezi kusema kwamba mama yule hakuelewa Kiswahili. Alikielewa mno. Ngozi ya mzee husinyaa, na tunda lililokaa juani husinyaa. Jambo lililosinyaa limepungukiwa na uhai. Kumbe sentensi ilikusudia kinyume chake: kizazi kikikaza baada ya mtoto na kondo kutoka, hubana mishipa ya damu iliyopita katikati ya misuli yake, na damu hupungua. Kizazi kinachobaki kimelegea ndicho cha kuogopwa, maana ndicho chanzo kikubwa cha mama kutokwa na damu nyingi mno. Mkunga anayesugua tumbo la mzazi anatafuta ugumu huo chini ya kiganja chake. Basi neno moja limegeuza habari njema kuwa tishio.

Hata sayansi yenyewe hailikubali. Mwaka 1954 watafiti wa jozi mbili, Andrew Huxley na Rolf Niedergerke, na Hugh Huxley na Jean Hanson, walieleza katika jarida la Nature kwamba nyuzi zilizo ndani ya msuli hazifupiki. Nyembamba, za aktini, huteleza katikati ya nene, za miosini, na zinapopishana ndipo msuli mzima hupungua urefu. Ujazo wake karibu haubadiliki: ukipungua urefu hutuna, kama aonavyo kila akunjaye mkono. Kinachotuna hakijasinyaa.

Wapo wanaopendekeza kufupika. Ni afadhali, ila halitoshi. Mtu aliyesimama na gunia la mpunga begani, misuli yake inafanya kazi kubwa bila kubadili urefu. Mvuvi wa Ziwa Nyasa anapopiga kafi hufupisha misuli, lakini anaposhika kafi imara dhidi ya wimbi, haifupishi. Neno linaloenea hali zote mbili ni kukaza, nalo lina mwenziwe tayari, kulegea. Tutaambiwa kwamba mkazo umekwisha chukuliwa na wanafizikia na wanaisimu. Na uchukuliwe, nomino ya kwetu iwe ukazaji. Tutaambiwa pia kwamba watu husema misuli imekaza wakiwa na maumivu ya ghafla ya mguu. Hayo yana jina lake, kubanwa na misuli, na kila mcheza mpira alijua.

Shaka yetu ya pili ni juu ya misuli laini. Mfasiri amegawa aina tatu sawasawa: ya mifupa, ya moyo, na hii iliyo katika utumbo, kizazi na kuta za mishipa ya damu. Mwalimu anaweza kuzipata zote buchani: mnofu wa paja, moyo, na utumbo wa supu. Ile ya kwanza na ya pili huonyesha milia chini ya hadubini, ya tatu haionyeshi. Lakini laini kwa msomaji ni kitu kisicho na nguvu, na misuli inayomsukuma mtoto duniani haifai kuitwa hivyo. Misuli isiyo na milia ni jina refu, hatukatai, angalau halidanganyi. Wala tusikimbilie misuli isiyo ya hiari, kwa kuwa moyo una milia na hauna hiari, na mgawanyo ungevurugika.

Kuhusu msuli lenyewe, lenye maana pia ya nguo ya kiunoni, na ambalo wanafunzi wamelipiga mpaka likawa kusoma kwa bidii, hatuoni hatari. Muktadha hutenga.

Nakala ya Makwale tumeirudisha ikiwa imesahihishwa kwa kalamu. Kila palipo na husinyaa tumeandika hukaza, isipokuwa katika ukurasa mmoja karibu na mwisho, penye habari za mguu uliofunguliwa plasta baada ya wiki nyingi bila kutumika. Hapo misuli imesinyaa kweli, na neno tumeliacha lilivyo.